Kabla homa haijakukuta Japani: ninayomwambia kila anayeondoka Dar

Jumamosi iliyopita alikuja binti wa jirani yetu hapa Sinza kuniaga. Anakwenda Japani kusoma shahada ya uzamili, miaka miwili. Begi lake la mkononi lilijaa dawa. Mama yake alishindilia kila kilichompitia akilini: panadol za kutosha mtaa mzima, dozi tatu za mseto, chupa mbili za dawa ya kikohozi, vidonge vya mafua, na bahasha ya vidonge vyeupe visivyo na jina. "Shangazi, mama anasema kule kuumwa ni gharama," akaniambia. Tulizimwaga zote juu ya meza, tukakaa saa nzima tukichambua moja moja. Tulipomaliza nikamweleza haya ninayoyaandika hapa.

Mimi nilisoma Nagoya kuanzia 2015 hadi 2018. Mtoto wangu wa pili alizaliwa kule. Tangu nirudi, wanaopata udhamini wa kwenda kusoma, na hata vijana wanaokwenda kufanya kazi, huletwa kwangu na ndugu zao. Wengi huuliza baridi na chakula. Mimi huanza na bima.

Jambo la kulishika ni hili: Japani sheria inakupa mengi, lakini haikuletei mlangoni. Karibu kila haki huanza na fomu ambayo wewe mwenyewe unaipeleka dirishani. Wao wenyewe wana neno lake, *shinsei shugi*, maana yake utaratibu wa kuomba. Asiyeomba hapewi, hata kama anastahili kabisa. Sisi tuliozoea kusubiri tangazo la mjumbe au kuitwa na mtendaji wa kata, hapo ndipo tunapoumia.

Dawa za begini kwanza

Sheria ya Japani inaruhusu uingie na dawa zako za kuandikiwa na daktari za kukutosha mwezi mmoja, na zile za kununua dukani za miezi miwili, kwa matumizi yako mwenyewe. Ukizidisha hapo, unaomba kibali kabla ya safari, kinaitwa *Yunyu Kakuninsho*. Mwenye pumu, kisukari, presha au anayetumia dawa za kila siku za virusi vya UKIMWI asipande ndege na za miezi sita bila karatasi hiyo. Aombe mapema, na awe na barua ya daktari wake inayotaja jina halisi la dawa, siyo jina la kibiashara peke yake.

Kuna zilizokatazwa moja kwa moja. Amfetamini hairuhusiwi hata ukiwa na cheti cha daktari. Dawa ya mafua yenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 hairuhusiwi. Kodeini ikizidi asilimia 1 inahesabiwa dawa ya kulevya. Kwa hiyo geuza kila chupa ya kikohozi usome nyuma. Yule binti tulimtolea vidonge vya mafua na ile bahasha isiyo na jina, tukaacha panadol za kawaida na mseto ukiwa kwenye boksi lake. Dawa isiyo na jina usivuke nayo mpaka wa nchi yoyote, kwa kweli, kwa sababu huna la kumjibu ofisa wa forodha akiuliza ni nini.

Siku 14 za mwanzo

Ukishuka Narita, Haneda au uwanja mwingine mkubwa unapewa kadi ya ukaazi, *zairyu kaado*. Kuanzia siku unayohamia kwenye chumba chako, una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa kuandikisha anwani. Unachukua namba, unaketi, unaitwa. Hapo hapo, siku hiyo hiyo, omba dirisha la *Kokumin Kenko Hoken*. Hiyo ndiyo bima ya taifa ya wasioajiriwa: wanafunzi, wakulima, waliojiajiri na wasio na kazi. Nenda na pasipoti na kadi ya ukaazi. Ukiwa na miaka 20 au zaidi watakupeleka na dirisha la pensheni pia. Wewe mwanafunzi uliza kuhusu kuahirishiwa michango, nako ni kwa kuomba.

Tangu Julai 2012 mgeni yeyote mwenye kibali cha kukaa zaidi ya miezi mitatu lazima awe ndani ya bima. Ni wajibu wa kisheria. Watu hunibishia, "Dada, mimi siumwi, niache nibane matumizi." Hiyo si hiari yako, na hakuna unachobana. Kijana mmoja wa kwetu, aliyekuwa mji mwingine, alikaa miezi saba bila kujiandikisha. Akaanguka na baiskeli, mkono ukavunjika. Bili ya siku ile alilipa yote, asilimia mia. Alipokwenda kujiandikisha akadaiwa michango tangu mwezi aliohamia, yote saba. Akalipa michango ya bima ambayo haikumsaidia kitu.

Nataka uelewe wametoka wapi, kwa sababu ukielewa hutaiona kama usumbufu wa karatasi. Sheria yao ya kwanza ya bima ilikuwa ya wafanyakazi, ya 1922, ikaanza kutumika 1927. Mwaka 1938 wakaongeza ya watu wa vijijini. Mwaka 1958 wakaiandika upya wakailazimisha kila manispaa iwe na bima, na kufikia 1961 kila mkazi wa nchi alikuwa ndani. Japani ya 1961 haikuwa tajiri kama unavyoijua leo. Sisi Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tumeipitisha 2023, na ninapowasikia watu kwenye daladala wakisema "haiwezekani, nchi yetu maskini," huwa nawakumbuka wakulima wa Japani wa mwaka ule.

Kuhusu kadi: tangu tarehe 2 Desemba 2024 hawatoi tena kadi mpya za bima za aina ile niliyokuwa nayo mimi. Bima sasa inasomwa kupitia kadi ya namba ya mtu binafsi, *Mai Nambaa*, unayoiweka kwenye mashine pale mapokezi. Asiye nayo hupewa karatasi ya uthibitisho, *shikaku kakuninsho*. Beba mojawapo siku zote, usiiache bwenini.

Tamko la kipato, hata kama ni sifuri

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea na hakuna anayewaambia vijana.

Mchango wako unahesabiwa kwa kipato cha mwaka uliopita. Mwanafunzi aliyefika juzi hana kipato cha Japani, basi mchango wake unashuka. Ile sehemu inayotozwa kwa kichwa hupunguzwa hata kwa asilimia 70. Mimi nilikuwa nalipa chini ya yeni 2,000 kwa mwezi. Hati za malipo huja kwa posta, unazipeleka kwenye yale maduka yanayokesha wazi, *konbini*, unalipa kama unavyolipa soda.

Lakini manispaa haiwezi kujua kwamba huna kipato mpaka useme. Kila mwaka, mwanzoni mwa mwaka, kuna tamko la kipato la kodi ya ukaazi, ile ambayo mkazi hulipa manispaa. Usipokuwa na kitu, andika sifuri, upeleke. Ukinyamaza, hawakuweki kwenye kundi la wasio na kitu. Wanakuchukulia kama mtu ambaye kipato chake hakijulikani, na punguzo linaondoka.

Hasara kubwa inakuja siku ya kulazwa. Chukua mfano wa kidole tumbo. Tuseme upasuaji na siku chache za kulazwa zimefika yeni 600,000. Bima inabeba asilimia 70, wewe 30, yaani 180,000. Japani wana kitu kinaitwa *kogaku ryoyohi*, kimekuwepo tangu 1973: ukomo wa kile mgonjwa anacholipa kwa mwezi mmoja. Kwa viwango vya enzi zangu, asiyetozwa kodi ya ukaazi ukomo wake ulikuwa yeni 35,400. Wa kipato cha chini kidogo, 57,600. Wa kati, 80,100 na nyongeza ndogo. Ambaye hakupeleka tamko la kipato anawekwa kundi la juu kabisa, ambalo ukomo wake ulianzia 252,600. Mwanafunzi huyo huyo, tumbo hilo hilo, kitanda hicho hicho: aliyeandika sifuri analipa 35,400, aliyenyamaza analipa 180,000 zote. Serikali hupitia viwango hivi mara kwa mara, kwa hiyo uliza vya mwaka wako, lakini mpangilio wenyewe ndio huo.

Mambo matatu kuhusu ukomo huu. Unahesabiwa kwa mwezi wa kalenda, tarehe 1 hadi mwisho wa mwezi. Kama upasuaji si wa haraka na daktari anakupa uchaguzi wa tarehe, usilazwe tarehe 28 ukatoka tarehe 5, maana utalipa ukomo mara mbili. Pili, omba mapema hati ya ukomo, *gendogaku tekiyo ninteisho*, ili hospitali ikutoze kiwango chako tangu mwanzo. Ukitumia kadi ya *Mai Nambaa*, kwa kawaida mashine inasoma yenyewe. Kama ulishalipa zote, dai urudishiwe, una miaka miwili. Tatu, chakula cha hospitali na chumba cha peke yako havimo kwenye ukomo. Cha chumba watakuletea karatasi usaini kwamba umekubali kulipia. Kama hukuomba chumba hicho, usisaini. Sema kwa upole kwamba unataka chumba cha kawaida cha watu wengi.

Na ukishindwa kulipa michango, nenda dirishani kabla hawajakuandikia. Wanaweza kukugawia kwa awamu au kukupunguzia. Wanaokimbia hujikuta wakilipa bili kamili hospitalini, na deni linaweza kufika mpaka kwenye akaunti ya benki.

Ukiumwa, anza wapi

Usianze na hospitali kubwa. Najua Dar mtu akiona hali si nzuri anataka Muhimbili. Kule anza na kliniki ya karibu na unapokaa, yenye vitanda visivyozidi 19 au isiyo na kitanda kabisa. Kisheria, kuanzia vitanda 20 ndiyo hospitali. Unaruhusiwa kuingia kliniki yoyote nchini, hakuna cha kusema "hii haiko kwenye bima yako." Bei nazo ni moja, kutoka Hokkaido mpaka Okinawa, kwa sababu serikali ndiyo inayopanga jedwali la bei. Kila huduma ina pointi, kila pointi ni yeni 10. Katika marekebisho ya 2024 kumwona daktari mara ya kwanza kulipangwa pointi 291. Yaani yeni 2,910, na wewe unalipa kama 870. Vipimo na dawa vinajumlishwa juu yake. Bili yako ya kliniki inaandikwa pointi hizo mstari kwa mstari, unaweza kukaa nayo usiku ukaisoma.

Hospitali kubwa bila barua ya kliniki inakutoza nyongeza isiyopungua yeni 7,000, nje ya bima, tangu Oktoba 2022. Ukiletwa kwa dharura hiyo haikuhusu.

Gari la wagonjwa ni 119, na ni bure. Namba hiyo hiyo ni ya zimamoto, kwa hiyo watakuuliza kwanza. Jibu *kyuukyuu desu*, yaani ni dharura ya mgonjwa. Sehemu nyingi kuna na #7119 ya kuuliza kama hali inahitaji gari au la, na #8000 ya watoto wagonjwa usiku. Kiswahili usikitarajie. Jifunze sentensi zako chache kwa moyo, na tafuta rafiki mmoja anayejua Kijapani ambaye hatakasirika ukimpigia saa nane za usiku. Sheria yao ya madaktari, ya 1948, kifungu cha 19, inamkataza daktari kukataa mgonjwa bila sababu ya msingi. Kwa hiyo usione aibu wala usijikunje pale mapokezi.

Dawa hupewi pale pale kliniki mara nyingi. Unapewa karatasi, unaipeleka duka la dawa. Karatasi hiyo inaishi siku 4, ikihesabiwa na siku iliyoandikwa, na Jumapili imo. Mimi nilipewa Alhamisi, nikawa na mtihani, nikasema nitapitia Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya tano. Ilibidi nirudi kuandikiwa upya, na kuandikiwa upya hakulipiwi na bima. Duka la dawa litakupa na kijitabu, *okusuri techo*, wanabandika humo kila dawa uliyopewa. Kitunze. Pia dawa ya jina kubwa ikiwa na ya kufanana nayo ya bei nafuu, tangu Oktoba 2024 anayeng'ang'ania ya jina kubwa analipa nyongeza. Chukua ya nafuu, inatibu vile vile.

Homa ya mtu wa Dar

Hili soma mara mbili.

Mwaka 2017 mume wangu alikuja Dar kwenye msiba wa baba yake, akakaa wiki mbili Mbagala, nyumba isiyo na chandarua. Siku ya sita baada ya kurudi Nagoya akaanza kutetemeka. Kliniki tuliyokwenda, siitaji, wakampima mafua, wakamkuta hana, wakampa dawa ya kushusha homa. Hawakumuuliza ametoka wapi na sisi hatukusema. Tulidhani wameona. Usiku joto likapanda hadi 40, akawa anaongea maneno yasiyoshikana. Ndipo nikapiga 119, na mtu wa kwanza aliyeingia mlangoni nikamwambia: *Tanzania kara kaerimashita. Mararia kamo shiremasen.* Tumerudi kutoka Tanzania, huenda ni malaria. Uso wa yule bwana ulibadilika, akaanza kupiga simu kutafuta hospitali yenye wataalamu. Damu ilipopimwa, ikawa kweli.

Simlaumu sana yule daktari wa kwanza. Japani malaria ilikwishatokomezwa. Wagonjwa wanaopatikana kwa mwaka ni makumi tu, na wote wameitoa nje. Daktari anaweza kumaliza kazi yake yote hadi kustaafu asione hata mmoja. Huku kwetu kila muuza dawa anaijua kwa kukutazama. Kwa hiyo ukipata homa ndani ya mwezi mmoja tangu utoke Dar, na hata baadaye ya hapo, neno la kwanza kinywani liwe Tanzania, la pili malaria, la tatu ombi la kipimo: *Mararia no kensa o onegai shimasu*. Usimeze mseto wa begini ukalala ukisubiri. Utaficha vimelea kwenye kipimo, na kama si malaria utakuwa umepoteza usiku. Ikithibitika, daktari anawajibika kutoa taarifa kwa kituo cha afya ya jamii mara moja, chini ya sheria ya magonjwa ya kuambukiza ya 1998. Usiogope ukiona wanajaza fomu na kukuuliza safari zako. Haihusiani na viza yako.

Kwa mwenye ujauzito

Japani kuzaa kwa kawaida hakuhesabiwi ugonjwa, kwa hiyo bima hailipi kama inavyolipa kidole tumbo. Badala yake unapewa fedha za uzazi kwa mkupuo. Enzi zangu zilikuwa yeni 420,000, tangu Aprili 2023 ni 500,000. Unasaini makubaliano na hospitali, bima inawalipa wao moja kwa moja, wewe unaongeza tofauti. Gharama ikiwa chini ya hapo, salio ni lako, lakini, kama kawaida, ulidai. Ukizaa kwa upasuaji, ule upasuaji unaingia kwenye bima na kwenye ukomo wa mwezi.

Mara ukijua ni mjamzito nenda manispaa uandikishe. Watakupa *boshi techo*, kijitabu cha mama na mtoto, na vocha za kliniki, kwa kawaida za mara 14. Kijitabu changu ninacho mpaka leo, kabatini, pamoja na kadi ya kliniki ya mwanangu wa kwanza aliyezaliwa Mwananyamala. Ndani yake kuna ukurasa wa rangi saba za kinyesi cha mtoto mchanga, kutoka nyeupe iliyopauka hadi kijani iliyokolea. Unafungua nepi karibu na dirisha, mchana, unalinganisha na ile karatasi. Rangi ikipauka kama za namba za mwanzo, unampeleka mtoto kwa daktari bila kuchelewa, kwa sababu huenda njia za nyongo zimeziba, na maradhi hayo yanataka upasuaji wa mapema. Karatasi hiyo ni lazima iwemo tangu 2012. Ni kitu cha bei ya kuchapa rangi tu. Nimewaonyesha wauguzi wawili ninaowafahamu hapa Dar, na wote wawili waliipiga picha.

Mtoto akizaliwa: siku 14 kuandikisha kizazi, siku 30 kuomba kibali chake cha ukaazi uhamiaji, na kumwingiza kwenye bima. Uliza na msaada wa matibabu ya watoto. Manispaa nyingi humlipia mtoto ile sehemu ya mzazi, yote au karibu yote. Usisubiri waseme.

Wanaokwenda kazini, na wanaokwenda kununua magari

Ukiajiriwa, kampuni ndiyo inakuandikisha, na mchango wa bima, kama asilimia 10 ya mshahara, mnagawana nusu kwa nusu. Bima hiyo ina kitu kizuri ambacho ya wanafunzi kwa kawaida haina: ukiugua hufanyi kazi, unalipwa theluthi mbili ya mshahara hadi mwaka mmoja na nusu. Ukiacha kazi, ndani ya siku 14 uwe umehamia bima ya manispaa, au ndani ya siku 20 uombe kuendelea na ile ya kazini. Ukiumia kazini, usitoe kadi ya bima ya afya. Sema *rosai*, bima ya ajali kazini, nayo hailipishi mgonjwa. Mwanafunzi anayeosha vyombo mgahawani kwa zile saa 28 za wiki anazoruhusiwa kufanya kazi naye anayo. Bosi akikwambia "sema umeanguka nyumbani," usikubali.

Kaka zangu wa magari, mnaokwenda wiki mbili kuangalia minada: ninyi mna viza ya muda mfupi, kwenye bima ya taifa hammo. Hospitali inaweza kukupangia bei yake, mara mbili au zaidi ya ile ya jedwali. Kateni bima ya safari hapa Posta, mjini Dar, kabla ya kuondoka, msome kwamba inalipa kulazwa. Tangu 2021, mgeni wa muda mfupi anayeacha deni la hospitali jina lake linaweza kufikishwa uhamiaji, na safari ijayo anaweza kuzuiwa kuingia. Mtu anayeishi kwa minada hawezi kumudu hilo.

Likizo ya Dar, na siku ya kuondoka

Hili wengi hawalijui kabisa. Ukija likizo Dar ungali mwanachama wa bima ya Japani, ukaugua ukatibiwa hapa, unaweza kudai sehemu ya fedha ukirudi, *kaigai ryoyohi*. Wanahesabu kwa bei ya Japani au uliyolipa, ipi ndogo, wanakata ile asilimia 30 yako. Haikubaliki kama ulisafiri kwa ajili ya matibabu yenyewe. Kabla hujaja, chukua manispaa fomu mbili: ya daktari kueleza ugonjwa, na ya mchanganuo wa gharama. Daktari wa hapa azijaze na kugonga muhuri kabla hujaondoka hospitali. Risiti ya "matibabu: sh. 180,000" haitoshi. Iandikwe kumwona daktari ni kiasi gani, vipimo kiasi gani, dawa kiasi gani. Zikitafsiriwa Kijapani, pamoja na pasipoti yenye mihuri ya safari, unapeleka dirishani. Una miaka miwili. Mimi nilirudishiwa za mwanangu aliyepata homa ya matumbo likizo ya 2016.

Ukimaliza masomo, nenda manispaa na tiketi yako ya ndege, utoe taarifa ya kuhama, urudishe hati ya bima, ukokotolewe mchango wa mwezi wa mwisho ulipe pale pale. Kama una dai la ukomo au la uzazi ambalo halijalipwa, usifunge akaunti ya benki mpaka liingie, au mwandikie hati rafiki anayebaki akupokelee. Malipo hayo huchukua kama miezi mitatu tangu matibabu, na ya kwangu ya mwisho yaliingia nikiwa nimekwisharudi Sinza.